Vibonzo vya runinga: Jinsi Japani na Marekani zinavyovitayarisha na kuvipangia saa

MTAZAMAJI wa vibonzo huona dakika ishirini na kitu za mbio, vicheko na vita. Asichokiona ni kwamba urefu wa dakika hizo, siku zitakapoonyeshwa na hata idadi ya michoro iliyomo ni mambo yaliyoamuliwa mapema na watu ambao wengi wao hawajui kuchora: wapangaji wa ratiba za runinga, watengenezaji wa wanasesere na wafadhili wa matangazo ya kibiashara. Vibonzo vya Tokyo na vya Los Angeles huweza kufuatana katika stesheni moja, lakini namna vilivyofika hapo hutofautiana kama mbingu na ardhi.

Chanzo chao, hata hivyo, kilifanana. Mwaka wa 1957 kampuni ya filamu ya MGM ilifunga idara yake ya katuni, na waasisi wa Tom and Jerry, William Hanna na Joseph Barbera, wakajikuta bila kazi. Waligeukia runinga, ambayo ilikuwa na njaa kubwa ya vipindi na mfuko mwembamba. Walichokifanya ni kupunguza michoro. Badala ya kuchora mwili mzima upya kila mara, walisogeza mdomo au mkono tu na kuacha sehemu nyingine za mwili zikiwa zimetulia. Kwa mbinu hiyo walizindua The Flintstones katika ABC mnamo Septemba 30, 1960, kipindi cha kwanza cha vibonzo kuonyeshwa Marekani katika saa za jioni zenye watazamaji wengi.

Huko Japani, Osamu Tezuka alikwenda mbali zaidi. Januari 1, 1963, stesheni ya Fuji TV ilianza kuonyesha Tetsuwan Atom, kinachojulikana ughaibuni kama Astro Boy. Tezuka, ambaye tayari alikuwa bingwa wa hadithi za picha ziitwazo manga, aliahidi sehemu mpya ya nusu saa kila wiki. Sekunde moja ya filamu hula picha 24. Wachoraji wa Tezuka walishikilia mchoro mmoja kwa picha tatu, wakahifadhi michoro ya kukimbia na kuruka, na kuitumia tena na tena. Kufikia mwisho wa 1966 walikuwa wamemaliza sehemu 193.

Lililoacha kovu ni bei. Tezuka alimuuzia mtangazaji kazi yake kwa fedha zisizokidhi gharama, akitumaini kufidia pengo kwa mauzo ya bidhaa zenye sura ya Atom na kwa haki za ng'ambo. Matumaini hayo hayakuwa ya bure, kwani mwaka huo huo kipindi kiliuzwa Marekani. Lakini bei iliyokwisha kushuka ni vigumu kuipandisha, na waliomfuata walilazimika kuuza kwa viwango vya chini vilevile. Kampuni yake, Mushi Production, ilifilisika mwaka wa 1973. Tezuka alipofariki mwaka wa 1989, Hayao Miyazaki, mtayarishaji mashuhuri wa filamu za vibonzo, hakusita kumlaumu hadharani kwa mzigo huo. Wapo wanaomtetea wakisema kwamba bila ujasiri wake pasingekuwa na sekta ya kulalamikia.

Robo nne za mwaka

Kalenda ya runinga ya Japani hukatwa vipande vinne vinavyoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila kipande kina wiki 12 au 13. Kwa hivyo kipindi kifupi huwa na sehemu 12 au 13, na kile kilichopewa vipande viwili huwa na 24 hadi 26. Kila sehemu huchukua takriban dakika 24, na ndani yake mna wimbo wa kufungulia na wa kufungia, kila mmoja ukiwa wa dakika moja na nusu. Nyimbo hizo si pambo tu. Kampuni za muziki huzitumia kuuza wasanii wao, na kwa mchoraji aliyechelewa dakika hizo tatu zisizobadilika kila wiki ni rehema.

Katika mfumo huo, sehemu mpya hutoka kila wiki pasi na kupumzika. Vipo vipindi visivyojua mwisho. Sazae-san, kisa cha mama wa nyumbani na jamaa zake kilichotungwa na Machiko Hasegawa, kilianza Oktoba 5, 1969, na kimeendelea kuonyeshwa Jumapili jioni katika Fuji TV, kikishikilia rekodi ya dunia ya kipindi cha vibonzo cha runinga kilichodumu zaidi. Kila Jumapili huwa na visa vitatu vifupi. Michoro yake iliendelea kupakwa rangi kwa mkono juu ya karatasi za plastiki hadi mwaka wa 2013, wakati wenzake walikuwa wamekwisha kuhamia kompyuta zamani.

Vibonzo vingi vya sasa, hata hivyo, havionyeshwi jioni. Huonyeshwa baada ya usiku wa manane, na ratiba za Japani huandika saa hizo kwa mtindo wa ajabu: saa 25:30, yaani saa saba na nusu usiku, kana kwamba siku imekataa kuisha. (Mswahili, ambaye siku yake huanza jua linapokuchwa, hana haja ya hesabu hiyo.) Saa hizo ni za bei nafuu, na mara nyingi si stesheni inayomlipa mtayarishaji, bali wenye kipindi ndio huilipa stesheni. Kwao, runinga ni tangazo refu la kuuza vitabu, kanda na vinyago.

Marekani ilizoea mwendo mwingine. Msimu wa stesheni kubwa huanza Septemba na kukamilika Mei, na kipindi kama The Simpsons kwa miaka mingi kilizoea kuwa na sehemu 22 hivi kwa msimu, zikiachiana nafasi kwa sikukuu, michezo na marudio. Watoto nao walitengewa asubuhi ya Jumamosi kuanzia miaka ya 1960. Desturi hiyo ilipungua polepole: NBC ilijiondoa mwaka wa 1992, kanuni za vipindi vya elimu zikaanza kubana mwaka wa 1996, na Septemba 2014 stesheni ya CW ikafunga safu ya mwisho ya aina hiyo.

Ipo pia nambari 65, ambayo iliwatawala watayarishaji wa Marekani bila watazamaji kujua. Kipindi kinachoonyeshwa siku tano kwa wiki kwa wiki 13 huhitaji sehemu 65. Ndiyo maana He-Man and the Masters of the Universe ilianza mwaka wa 1983 na sehemu 65, na Batman: The Animated Series ya mwaka wa 1992 ikaagizwa kwa idadi hiyo hiyo. He-Man yenyewe ilikuwa mwanasesere wa kampuni ya Mattel kabla haijawa kipindi.

Nani mwenye fedha?

Kwa Mmarekani, jibu ni rahisi: stesheni au kampuni kubwa ya burudani huagiza kipindi, hulipa na humiliki. Ikichoka, hukifuta. Fox ilifuta Family Guy mwaka wa 2002, lakini kanda zake za DVD na marudio ya usiku vikapata soko kubwa hivi kwamba kipindi kilirejeshwa Mei 2005. Japani ilikuwa imeyaona hayo mapema. Mobile Suit Gundam ya mwaka wa 1979 ilikatizwa ikiwa na sehemu 43 badala ya 52 zilizopangwa, kwa sababu wafadhili hawakuona mauzo. Marudio yakavuta vijana, Bandai ikaanza kuuza maroboti ya plastiki ya kujiungia, na jina lililokaribia kuzikwa likawa hazina.

Ili hasara za namna hiyo zisimwangukie mtu mmoja, Wajapani walibuni kamati ya utayarishaji. Mchapishaji wa manga, kampuni ya muziki, mtengenezaji wa wanasesere, mwuza kanda na stesheni huchangia kila mmoja sehemu ya mtaji, na faida hugawanywa kwa kadiri ya mchango. Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, iliyoonyeshwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, ilidhihirisha utajiri unaoweza kupatikana kwa njia hii. Kasoro ni kwamba studio inayochora mara nyingi haimo katika kamati kwa kukosa mtaji. Hulipwa ujira wake na kuondoka, hata kama kazi yake itauza kote duniani. Studio ya MAPPA ilijaribu kukwepa mtego huo mwaka wa 2022 kwa kugharimia yenyewe Chainsaw Man yote.

Sauti kwanza au mchoro kwanza

Ndani ya studio, tofauti inayomshangaza mgeni zaidi ni ya sauti. Marekani hurekodi waigizaji kwanza, kisha wachoraji hufuata midomo yao. Japani, kwa kawaida, huwaita waigizaji wakiwa na picha mbele yao, wakati mwingine picha ambazo hazijakamilika, nao hujaza maneno ndani ya midomo iliyokwisha kuchorwa.

Sehemu moja ya The Simpsons huchukua miezi tisa hivi. Hati huandikwa mezani na waandishi wengi, husomwa na waigizaji, hurekodiwa, na Los Angeles hutayarisha michoro elekezi. Kazi nzito ya kuchora husafirishwa hadi Korea Kusini. Ushirikiano huo ulianza vibaya: sehemu iliyokusudiwa kuwa ya kwanza iliporudi kutoka Seoul mwaka wa 1989, watayarishaji waliona aibu, na takriban asilimia 70 ya michoro ikarudiwa. Ndiyo sababu watazamaji walianza kwa kisa cha Krismasi mnamo Desemba 17, 1989.

Utumaji wa kazi nje haukukomea Asia. Tinga Tinga Tales, kipindi kilichoonyeshwa na CBeebies ya Uingereza kuanzia 2010, kilichorwa jijini Nairobi katika studio za Homeboyz, kikiiga michoro ya Mtanzania marehemu Edward Said Tingatinga.

South Park imejitenga na utaratibu huo wote. Kwa miaka mingi sehemu yake moja imeandikwa, kurekodiwa na kuchorwa kwa siku sita, ndipo kejeli zake huwahi habari za wiki. Mnamo Oktoba 16, 2013 umeme ulipotea studioni, na kwa mara ya kwanza tangu 1997 kipindi kikakosa siku yake.

Gharama ya haraka

Japani hugawa uchoraji mara mbili. Mchoraji mkuu huchora mianzo na miisho ya kila tendo. Wachoraji wadogo hujaza hatua za katikati. Hawa wa pili hulipwa kwa mchoro, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni yeni 200 hivi kwa mmoja. Uchunguzi wa chama cha wachoraji, JAniCA, uliochapishwa mwaka wa 2015 ulipata kwamba wastani wa pato lao ni takriban yeni milioni 1.1 kwa mwaka, kiasi kisichomtosha mtu kupanga nyumba Tokyo na kula vizuri. Wengi huacha kazi kabla ya kupanda cheo, na michoro ya katikati hupelekwa China, Ufilipino, Korea na Vietnam. Studio ya Kyoto Animation ilijulikana kwa kuajiri wachoraji wake kwa mshahara na kuwafunza yenyewe. Ndiyo studio iliyochomwa moto na mhalifu mnamo Julai 18, 2019, watu 36 wakafa.

Ratiba isiyongoja huonekana pia katika hadithi. Vibonzo vya kila wiki hukimbia kuliko manga vinayoifuata. Naruto, iliyoanza Oktoba 2002, ilipoifikia hadithi ya mwandishi wake, ilijaza zaidi ya mwaka mzima kwa visa vya kubuniwa kabla ya kuendelea kwa jina jipya Februari 2007. Mashabiki wengi huviruka visa hivyo hadi leo.

Mtazamaji mwenyewe amewahi kudhurika. Jioni ya Desemba 16, 1997, TV Tokyo ilionyesha sehemu ya Pokémon yenye mwanga mwekundu na wa buluu uliometameta kwa kasi. Kwa kuwa watoto wa nchi nzima walikuwa mbele ya skrini kwa saa ileile, takriban 685 walipelekwa hospitalini, baadhi wakiwa wametetemeka kwa kifafa. Kipindi kilisimamishwa hadi Aprili 1998, sehemu hiyo haikuonyeshwa tena, na kanuni za mwanga zikawekwa. Tangu hapo vibonzo vingi vya Japani huanza kwa ombi kwamba watoto wawashe taa na wakae mbali na runinga.

Mitandao ya intaneti imelegeza baadhi ya pingu hizi. Netflix, iliyofika Kenya na nchi nyingi nyingine Januari 2016, hutoa mara nyingi msimu mzima kwa siku moja, na Crunchyroll huonyesha vibonzo ughaibuni saa chache tu baada ya Tokyo. Mwaka wa 2023 soko la vibonzo vya Japani lilipita yeni trilioni 3, zaidi ya nusu yake kutoka nje ya nchi. Fedha hizo zimeanza kuwapa watayarishaji ubavu wa kukataa wiki 52 za kazi. Toei Animation, ambayo imekuwa ikitoa One Piece takriban kila wiki tangu Oktoba 1999, ilitangaza mwaka wa 2025 kwamba kuanzia 2026 itatoa sehemu zisizozidi 26 kwa mwaka.