Kipande cha Gazeti cha Mwaka 1856

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Toni Morrison alikuwa mhariri wa Random House, New York. Kutwa alishughulikia miswada ya watu wengine. Ya kwake aliiandika alfajiri, kabla wanawe wawili hawajaamka. Mwaka 1972 alishiriki kutoa mkusanyo wa fasihi ya Afrika uliowapeleka Achebe na Soyinka kwa wasomaji wa Marekani. Baadaye alieleza kilichomvutia kwa waandishi hao: hawakupoteza muda kujieleza kwa Mzungu. Naye hakuupoteza.

Mwaka 1974 alisimamia The Black Book, kitabu kilichosheheni picha, matangazo ya kuuza watumwa, nyimbo na habari za magazeti ya kale. Katika kukiandaa ndipo alipokutana na habari ya Margaret Garner, katika kipande cha gazeti cha mwaka 1856.

Garner alikuwa mtumwa huko Kentucky. Januari 1856 alitoroka pamoja na mumewe na watoto, wakauvuka mto Ohio ukiwa umeganda kwa baridi, wakafika Cincinnati. Wasaka watumwa walipoizingira nyumba walimojificha, Garner alimuua bintiye mdogo kwa mkono wake, asirudishwe utumwani. Kesi yake ikazua swali ambalo leo hata kulitamka ni aibu: je, huyu ni mtu ashtakiwe kwa mauaji, au ni mali irudishwe kwa mwenyewe? Akarudishwa.

Morrison hakuandika wasifu wa Garner. Alibuni mama mwingine, Sethe, na nyumba isiyokalika kwa sababu ya mzimu wa mtoto. Riwaya hiyo, Beloved, ikatoka mwaka 1987. Wahakiki wengine waliuona mzimu ule kama mbinu ya kisanaa tu. Msomaji wa kwetu, aliyekuzwa akijua kwamba wafu hawaendi mbali, atausoma kama jirani.

Kitabu kilikosa tuzo mbili kubwa za Marekani. Januari 1988 waandishi na wahakiki Weusi 48, Maya Angelou na Alice Walker wakiwamo, walitia saini tamko katika New York Times wakilalamikia jinsi Morrison alivyopuuzwa. Miezi michache baadaye akapata Pulitzer, na minong'ono ikaanza kwamba amebebwa. Minong'ono hiyo haina uzito: riwaya ilikuwa imeshaandikwa, na haikuongezewa hata nukta na zile saini.

Nobel ilimjia mwaka 1993, akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata katika fasihi. Alizaliwa Lorain, Ohio, mwaka 1931, kwa jina la Chloe Wofford, baba yake akiwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alipokuwa na umri wa miaka kama miwili, mwenye nyumba aliichoma moto nyumba waliyopanga, wao wakiwa ndani, kwa sababu ya kodi ya dola nne kwa mwezi. Alikisimulia kisa hicho kwa kicheko zaidi kuliko uchungu. Wazazi wake nao, alisema, walicheka.

Baada yake ilipita miaka 28 bila mwandishi Mweusi kupata Nobel ya fasihi. Aliyefuata, mwaka 2021, ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Morrison hakuishuhudia siku hiyo. Alifariki Agosti 2019, akiwa na miaka 88.