Peugeot 404: Safari ilipochukuliwa na mtu wa Dar

Wadau, muulize kijana yeyote wa mjini kuhusu Safari Rally, jibu litakuja haraka: Kenya, Subaru ya bluu, Colin McRae. Sawa. Sasa muulize Tanzania ina nini katika historia hiyo. Kimya. Atakayejitahidi sana atakwambia sisi tulikuwa watu wa kusimama kandokando ya barabara na kula vumbi.

Si kweli. Mwaka 1966 mbio hizo zilishindwa na mkazi wa Dar es Salaam, na mwaka 1967 akazishinda tena. Aliitwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika Motors, mawakala wa Peugeot. Msoma ramani wake alikuwa Chris Rothwell. Na gari lenyewe? Peugeot 404. Ndiyo, hiyohiyo ambayo wazee wetu waliipanda kama teksi.

Kwanza tukumbushane Safari ilikuwa nini. Ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikawa inafanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, na waandaaji hawakupanga hivyo kwa bahati mbaya. Ni kama kilomita 5,000 za siku chache, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Ukikuta lori limenasa mbele yako, hilo ni tatizo lako. Mwanzoni magari yaligawanywa kwa madaraja ya bei, si ukubwa wa injini, maana swali lilikuwa la mnunuzi wa kawaida: gari gani litahimili barabara zetu?

Hapo ndipo napenda kulinganisha. Mwaka huohuo wa 1966, mwezi Juni, Ford walishinda saa 24 za Le Mans kule Ufaransa kwa GT40 ya Bruce McLaren na Chris Amon. Injini ya lita 7, gari lililobuniwa kwa ajili ya mashindano tu, na umbali liliokwenda ulikuwa kilomita 4,843. Karibu sawa na Safari! Ila wao walizunguka kwenye lami, gereji yao ikiwasubiri kila mzunguko. Shankland alikwenda umbali wa namna hiyo kwenye matope, na gari la familia lenye injini ya lita 1.6. Kati ya magari 88 yaliyoanza Safari ya mwaka huo, yaliyofika mwisho ni 9.

Kwa nini 404? Ilitoka mwaka 1960, sura yake ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia. Injini ya sentimita za ujazo 1,618 ililazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti ishuke. Kuanzia 1962 ikaja na pampu ya Kugelfischer ya kupuliza mafuta badala ya kabureta, nguvu ikapanda kutoka farasi 72 hadi 85. Siyo nyingi, lakini siri haikuwa kwenye injini. Springi zake ni laini na zinacheza sana, kwa hiyo tairi linafuata shimo badala ya kulirukia. Propela imefungwa ndani ya bomba la chuma, jiwe haliigusi.

Aliyesafiri Kondoa hadi Busi wakati wa masika, udongo mwekundu unateleza na makorongo yanasubiri pembeni, ananielewa. Huko kasi haina maana kama springi itakatika kabla hujafika. Safari ilikuwa hivyo kuanzia Nairobi hadi milima ya Mbulu.

Rekodi yake inatosha kumnyamazisha mtu. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff, wa Kenya, walishinda na 404 wakati magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Shankland akachukua 1966 na 1967. Nowicki na Cliff wakarudi 1968. Safari hiyo 93 walianza, 7 wakamaliza. Ushindi wa mara nne katika miaka sita.

Sasa kwa nini hatumkumbuki mtu wetu? Mimi nadhani tarehe inachangia. Ushindi wa pili ulikuja Pasaka ya Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha. Nchi ilikuwa inazungumza jembe na kujitegemea, huku neno "wabenzi" likiwa tusi. Nani angemfanya Mzungu wa kampuni ya magari kuwa shujaa wa taifa? Naielewa hoja hiyo. Lakini kwa kumwacha yeye tumewaacha pia mafundi na watu waliosukuma magari kwenye matope ya nchi hii, ambao majina yao hayako hata kwenye vitabu vya Wakenya.

Kisha njia zenyewe zikatuhama. Miaka ya 1970 mbio zilibaki Kenya, jina likafupishwa kuwa Safari Rally mwaka 1974, na mwaka 1977 Jumuiya ikafa na mpaka ukafungwa. Zilipotolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurudishwa 2021, hatua zake za ushindani zilikuwa fupi, kuzunguka Naivasha.

Na 404? Datsun walichukua kiti mwaka 1970, na Peugeot wakarudi na 504 iliyoshinda 1975 na 1978. Ufaransa waliacha kutengeneza 404 mwaka 1975. Kenya waliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi baadaye, ikibeba abiria na viazi kwenye barabara zilezile.

Kama una mzee aliyefanya kazi Tanganyika Motors miaka hiyo, mkalishe chini umuulize. Nani alifunga zile springi?