Kuganda

Fundi akishachanganya epoksi ya mirija miwili hukuambia, "Subiri ikauke." Haikauki! Gundi ya karatasi ndiyo hukauka, maji yakitoka. Epoksi huganda: kemikali mbili hushikana zikawa kitu kimoja kigumu, hata ndani ya chupa iliyofungwa.

Na kitenzi hiki ni tajiri. Maziwa huganda, yaani hugeuka mazito. Ruba huganda mguuni, yaani hunata habanduki. Epoksi hufanya yote mawili kwa mpigo mmoja.

Majina ya gundi nayo yana hadithi: Waingereza walipounda Redux mwaka 1941, gundi ya kuunganishia metali, jina walilikata kutoka Research na Duxford, kijiji chenye maabara yao. Mimi bado nalililia jina sherisi, gundi ya maseremala. Neno tamu lile.