Mlezi wa Bweni Si Mtunza Funguo

Wapo wanaodhani kuwa kazi ya mlezi wa bweni la chuo kikuu ni kugawa vyumba na kuhesabu magodoro. Historia ya Mlimani, Dar es Salaam, yakanusha. Huko kulikuwa na "Punch", maandishi ya ukutani yasiyo na jina la mwandishi. Yalianza kwa kuwakosoa wakubwa, yakaishia kuwadhalilisha wanafunzi wa kike. Aliyeandamwa alitengwa hata na wenzake, kwa hofu. Februari 1990 mmoja wao alijiua, ndipo taifa likashtuka. Anayeteswa hulia chumbani, si darasani. Basi vyuo vimpe mlezi wa bweni uwezo wa kusikiliza na kuchukua hatua mapema, asiachiwe funguo tu.