Nyumba Yenye Wapangaji Inapouzwa: Haki na Wajibu wa Kila Upande

Mmiliki wa nyumba ya kupangisha nchini Tanzania anaweza kuiuza hata kama wapangaji wangali wanaishi humo. Hata hivyo, kubadilika kwa mmiliki hakufuti mkataba wa upangaji. Mnunuzi hupokea nyumba pamoja na wajibu uliopo kwa wapangaji.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, mkataba wa mauzo hauna budi kuwa wa maandishi. Sheria hiyo pia humhesabu mnunuzi kuwa anafahamu mambo ambayo angeyagundua kwa uchunguzi wa kawaida. Hivyo, mnunuzi anapaswa kufika kwenye nyumba, kuonana na wapangaji na kusoma mikataba yao. Kodi iliyolipwa mapema, iwe ya miezi sita au ya mwaka, ioneshwe katika mkataba wa mauzo ili mpangaji asidaiwe mara ya pili.

Pale ambapo mkataba wa upangaji hautaji muda wala notisi, notisi haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi cha malipo. Anayelipa kwa mwezi hupewa angalau mwezi mmoja.

Endapo familia ya muuzaji nayo inaishi katika nyumba hiyo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wake.

Mgogoro ukitokea, mhusika anaweza kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kubadili kufuli, kukata maji au kutoa vyombo nje si njia halali ya kumwondoa mpangaji.