Sherehe ya Majira si Pambo: Kolelo wa Uluguru na Dunia za Kubuni

Wenzangu tunaoandika hadithi za dunia za kubuni tuna mazoea mamoja: lazima iwepo sikukuu ya majira. Theluji inayeyuka, maua yanachanua, wasichana wanacheza ngoma. Baada ya hapo hadithi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea! Shaaban Robert hakufanya hivyo. Nchi yake ya Kusadikika (1951) inaelea angani, lakini ndani yake mna mashtaka, utetezi na hukumu. Makala haya yanadai kuwa sherehe ya majira nayo yafaa ibebe uzito wa namna hiyo, na ushahidi tunao hapahapa Morogoro.

Sisi mwaka wetu haugawanywi na theluji, unagawanywa na mvua: vuli na masika. Milima ya Uluguru hukinga pepo zitokazo Bahari ya Hindi, na upande wake wa mashariki hunyeshewa sana. Mto Ruvu huanzia huko, ukateremka hadi nchi ya Wazaramo. Basi si ajabu kwamba Wazaramo, kama Waluguru wenyewe, walimtazamia Kolelo awape mvua na rutuba. Huyu alikuwa mzimu aliyesimuliwa kuwa joka kubwa likaalo pangoni, kusini mwa milima hiyo. Msimu wa kulima ukikaribia na mawingu yakikawia, watu walijua pa kupeleka ombi lao.

Sasa tuutazame mwaka 1905. Mmisionari Mjerumani, Martin Klamroth, aliyeandika imani za Wazaramo, anaeleza habari zilizoenea wakati ule: eti Kolelo amekataza watu kuwalipa wageni kodi, na gharika kubwa inakuja kuwaangamiza Wazungu. Msomaji ataona kilichotendeka hapo. Mzimu ni uleule, maji ni yaleyale. Lakini maji ya kuotesha mtama yamekuwa maji ya kuizamisha dola.

Julai mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vililipuka Umatumbi. Maji yale, ambayo Ebrahim Hussein aliyaweka jukwaani katika *Kinjeketile* (1969), hayakuzuia risasi. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa njaa. Kuna watakaosema: basi, ulikuwa ushirikina mtupu! Jamani, tusikimbilie hukumu hiyo. Swali la kihistoria ni hili: kwa nini watu wasiokuwa na mtawala mmoja waliweza kusikiliza neno moja? Sehemu ya jibu ni kwamba njia ya neno hilo ilikwisha kuchongwa zamani, na miguu ya watu waliokwenda kuomba mvua. Himaya ya jumbe iliishia mahali fulani. Ya mzimu wa mvua ilivuka mito na makabila.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa sikukuu zetu za kubuni. Zina fani, maudhui hazina. Kabla hujawachezesha watu wako ngoma ya majira, jiulize: mvua ikikosekana, nani atalala njaa? Ombi linapelekwa kwa nani, na yeye ana nguvu gani mbele ya mtoza kodi? Ukishindwa kujibu, ifute hiyo sikukuu. Ukijibu, huenda ukagundua kuwa hadithi yenyewe ilikuwa imejificha humo.