Magofu ya Mafia: Kisimani, Kua na Chole

Mwalimu wenu na aandike ubaoni maneno manne: kisima, kilindi, gofu, boriti. Yasomeni pamoja, polepole, kisha tuendelee.

Leo tutazungumza habari za majengo ya kale ya Mafia. Katika nchi za mbali watu husafiri kutoka kila upande kwenda kutazama mawe ya zamani. Huko Ufaransa uko mji uitwao Arles, na katikati yake pana uwanja wa michezo uliojengwa na Warumi yapata miaka 1,900 iliyopita. Nanyi mnaokaa Mafia mnayo mawe yenu, na mengine yako mwendo mfupi tu kwa mtumbwi.

Tazameni neno la kwanza, kisima. Ongezeni -ni mwishoni, mtapata Kisimani, jina la rasi iliyo upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa. Hapo palikuwa na mji. Tarikh ya Kilwa yasema kwamba sultani wa kwanza wa Kilwa, Ali bin Hasan, alimpeleka mwanawe kutawala Mafia. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba hapo Kisimani, akachunguza vigae vya vyungu na misingi ya nyumba. Ikaonekana kweli kuwa mji huo ni wa zamani sana, wa enzi zile Kilwa ilipokuwa na nguvu. Lakini ukienda leo hutaona mengi. Bahari imeila pwani ile mwaka baada ya mwaka, na sehemu kubwa ya mji imekwenda na maji.

Mji wa pili ni Kua, katika kisiwa cha Juani. Huku ndiko kwenye magofu makubwa. Gofu ni nyumba iliyobaki kuta tu, paa limeanguka. Iko nyumba kubwa iliyokuwa na ghorofa, iko misikiti, yako makaburi, na katikati ya yote miti imeota. Nyingi katika kuta hizo ni za karne ya 18.

Hebu ingieni katika chumba kimoja kwa mawazo. Mtaona kuwa ni kirefu lakini ni chembamba, kama ukumbi mwembamba. Kwa nini? Je, waliojenga hawakujua kujenga chumba kipana? Walijua sana. Sababu ni ile boriti. Dari na sakafu ya ghorofa vilishikwa na boriti za mikoko, na miti ya mikoko iliyo minene na iliyonyoka haipatikani mirefu sana. Basi mti ndio uliompimia fundi upana wa chumba, kwa kawaida usizidi mita tatu hivi. Mawe yenyewe ni ya matumbawe, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuri la kuni. Kila kitu kilitoka pwani na mikokoni. Mtu asiwaambie kuwa majengo haya yalishuka kutoka ng'ambo yakiwa tayari.

Wazee wa Mafia husimulia hadithi ya kutisha juu ya miji hii miwili. Watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua. Siku ya kulishua, wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Miaka ikapita. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani arusini, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu akiwaongoa wageni, na mlango ukazibwa kwa mawe.

Mtauliza, ni kweli? Hadithi si hati ya mahakama, na hakuna aliyeonyesha mifupa ya watu wale. Hata hivyo msiitupe. Mimi naona yatueleza jambo moja wazi: kwamba miji hii haikupendana, na watu waliendelea kuukumbuka uadui huo hata baada ya kuta kuanguka.

Kua haikuuawa na Kisimani. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuja Wasakalava kutoka Madagaska kwa vyombo vyao, wakauvamia mji, wakaua watu na kuwachukua wengine utumwani. Mji haukujengwa tena. Wakubwa wakahamia Chole, kisiwa kidogo kilicho karibu, na Chole ikawa makao ya serikali ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1890 Wajeremani walimlipa Sultani marki milioni nne kwa ajili ya pwani ya bara pamoja na Mafia. Nao wakatawala kutoka Chole. Magofu ya siku hizo yangalipo, mizizi ya miti imeyakumbatia kama mkono unavyoshika kikombe, na juu ya miti ya kisiwa hicho popo wakubwa hulala mchana kutwa.

Mwaka 1913 serikali ilihamia Kilindoni. Sasa someni neno la pili ubaoni. Kilindi ni mahali penye maji ya kina. Jina lenyewe limekwisha kuwaambieni sababu: meli kubwa zilihitaji maji. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa. Walikitaka kwa ajili ya manowari moja ya Kijeremani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika midomo ya mto Rufiji. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuwaonyesha wapiga mizinga mahali ilipo, na tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo ikaangamia.

Turudi Arles kidogo. Zamani watu wa mji ule walijenga nyumba zaidi ya mia mbili ndani ya uwanja wa Warumi, tena kwa mawe yake. Katika karne ya 19 nyumba zikaondolewa, uwanja ukatengenezwa. Waliwahi, kwa kuwa kuta zilikuwa bado zimesimama. Jiwe la Kua likichukuliwa kujengea choo au kuchomwa chokaa, hakuna wa kulirudisha. Tangu 1964 nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale, lakini askari hawezi kulala Juani kila usiku.

Kwa kazi ya wiki hii, muulizeni mzee mmoja jina la gofu, kisima au kaburi la kale lililo karibu nanyi. Liandikeni daftarini, na chini yake mwandike jina la mzee aliyewaambia.